Insha ya Hosiana juu ya Ngitili

Vijana wawili wa Mzee Makoye walifika Mbuke akiwa bado anakamua. Walisimama nje ya zizi, mmoja na kamba, mwingine na fimbo, wakamsalimia mama huyo kwa Kisukuma, vizuri tu kama watu waliokuja kuazima jembe.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," Mbuke aliitikia bila kuinuka. "Karibuni. Mbona na kamba?"

"Mzee kasema tumrudishe ng'ombe."

"Ng'ombe yupi?"

Zizini mle alikuwemo ng'ombe mmoja tu. Yule mwenye fimbo akatazama vidole vyake vya miguu. "Huyu huyu, mayu. Sisi tumetumwa."

Mbuke aliendelea kukamua. Kibuyu kilikuwa hakijafika nusu, na mlangoni mwa nyumba mwanawe mdogo, Januari, alikuwa amekaa na kikombe chake cha bati anasubiri, kama kila asubuhi. Ng'ombe hakuwa wao. Usukumani mwenye mifugo mingi hailazi yote nyumbani kwake. Anaigawa, huyu kwa fulani, wale kwa fulani, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize yote kwa siku moja. Aliyepewa anachunga, anakunywa maziwa, anapeleka samadi shambani. Ng'ombe na ndama wanabaki mali ya mwenyewe, na mwenyewe akimtaka, anamtaka. Hakuna wa kumuuliza.

Lakini mtu hachukui ng'ombe wake hivihivi tu, ng'ombe akiwa na maziwa.

"Hajasema kwa nini?" Mbuke aliuliza.

Vijana wakatazamana. Mwenye kamba ndiye aliyekuwa na mdomo mwepesi. "Kasema mtoto wako anajua sana kuandika. Basi anywe wino."

Hosiana alikuwa nyuma ya jiko, amevaa sare, anafunga viatu. Alisikia. Mikono yake ikaacha kamba za viatu, akabaki ameinama vilevile mpaka kwato zilipopita njiani na kupotea.

* * *

Jambo lenyewe lilikuwa la jana yake tu, siku ya wazazi shuleni.

Shule hiyo, iliyoko kijiji kimoja upande wa Samuye, tangu mwaka uanze ilikuwa na utaratibu wake. Mwalimu Serafina alirudi kutoka semina na jambo kichwani, na mwalimu mkuu, Mwalimu Gregory, akamkubalia: kuandika kusiwe kazi ya kipindi cha Kiswahili peke yake. Darasa la kwanza waandike sentensi moja kila siku, hata iwe "Mbwa wetu amelala." Darasa la tatu walipanda maharage kwenye makopo, na kila asubuhi katika sayansi wakaandika kilichobadilika. Darasa la sita waandike hata kwenye hisabati. Ukishapata jibu, ueleze kwa maneno ulipitia wapi. Mwalimu Boaz wa hisabati alinung'unika sana, akasema yeye alisomea namba ili aepukane na maneno. Halafu akasoma maelezo ya mtoto aliyekuwa anapata sifuri kila mara, akakuta mtoto kugawanya anajua, ila anaanzia upande wa kulia. Toka hapo akanyamaza.

Mwalimu Serafina alikuwa na swali lake. Ukimpelekea daftari, anaweka kidole chini ya sentensi anakuuliza: Umejuaje? Umeona? Umeambiwa? Au unakisia tu? Yote matatu yanaandikika, aliwaambia, lakini usivalishe moja nguo za lingine.

Watoto wakalibeba swali mpaka majumbani, likawa kero. Mbuke akisema ugali umeiva, Hosiana anauliza, "Umejuaje, mama?"

"Nimejua kwa mwiko huu. Unataka kuujua na wewe?"

Wao walicheka. Kuna nyumba ambazo hawakucheka, maana mtoto kumuuliza mkubwa amejuaje si heshima ya huku. Wazazi wawili watatu walikwenda kulalamika. Mwalimu Gregory akawatuliza kwa kuwaambia waje siku ya wazazi, waone watoto wao wanavyoandika.

Wakaja. Kuta za madarasa zilikuwa zimejaa karatasi. Ya Hosiana ilibandikwa karibu na mlango wa darasa la sita, mahali pa sifa. Ilikuwa kazi ya Maarifa ya Jamii, juu ya utunzaji wa mazingira, na kichwa chake kilikuwa "Ngitili ya Kijiji Chetu."

Jilala, kamanda wa sungusungu, alikuwa anapita na Mzee Makoye. Mzee hakusoma. Jilala alisoma mpaka la saba, na hupenda watu wajue. Alikohoa, akaanza kumsomea mzee kwa sauti ya mtangazaji wa redio, watu wakasogea:

"Ngitili ya kijiji chetu iko nyuma ya kilima cha mawe. Ni malisho yanayofungwa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi kikikaza. Mwaka huu bado haijafunguliwa. Jumamosi nilikwenda kuokota kuni. Niliona miiba ya uzio imesogezwa pembeni. Ndani kulikuwa na ng'ombe mwekundu na ndama wake wanakula. Majani yalikuwa yanalia midomoni mwao kama mtu anachana kitambaa. Sikio la ng'ombe lilikuwa na alama ya Mzee Makoye. Mzee Makoye ndiye mlinzi wa ngitili, lakini anaingiza ng'ombe wake sisi tukiwa tumelala."

Macho ya Jilala yaliona jina linakuja, lakini mdomo ulikuwa umeshashika mwendo. Ulipokuja kusimama, sentensi ilikuwa imekwisha.

Mzee Makoye hakufoka. Aliuliza tu, "Huyo Hosiana ni wa nani?"

"Wa Ngusa, guku," Jilala alijibu, kwa neno la kumheshimu babu. "Ngusa aliyeko machimboni."

"Ngusa mwenye ng'ombe wangu?"

"Huyo huyo."

Mzee akatingisha kichwa taratibu, akaomba fimbo yake, akaenda zake.

* * *

Siku hiyohiyo ng'ombe alipoondoka, habari ilikuja kwamba Jumamosi kutakuwa na dagashida, ule mkutano wa wananzengo, yaani wanakijiji wote. Shauri ni la nyumba ya Ngusa: mtoto amemchafua mzee mbele za watu. Ama atasimama akiri kwamba alidanganya, ama nyumba itengwe.

Kutengwa si kupigwa. Ni kwamba hakuna wa kukusalimia wala wa kukupa moto. Ukiugua, hakuna wa kukubeba mpaka zahanati. Ukifiwa, unachimba kaburi mwenyewe. Mbuke alishaiona nyumba moja ikitengwa, zamani kidogo. Walihama hata mvua hazijaanza.

Mkutano ulikuwa haujakaa, lakini watu wengine hawangoji hukumu. Kisimani Mbuke alimkuta Suzana, mama yake Adam, anayekaa mwisho kabisa wa kijiji, upande wa kilima. Wao wawili walikuwa watu wa kuambiana kila kitu. Walijifungua mwezi mmoja, wakaazimana kanga za kubebea watoto. Mbuke akatua ndoo yake karibu na ya Suzana.

"Mama Adam, umesikia yaliyonipata?"

Suzana aliinua ndoo yake ikiwa haijajaa, maji yakamwagika miguuni. Akasema kwa sauti kubwa, macho kwa wengine, "Jamani tusogee. Ukisimama na watu wengine hapa, kesho unasomwa ukutani."

Wanawake wakacheka, wengine kwa kicheko cha kweli, wengine cha woga. Mbuke aliteka maji yake polepole. Hakutaka waone anaharakisha. Njiani alitua ndoo mara mbili, na haikuwa nzito.

Jioni alimpigia mumewe. Ngusa alikuwa kwenye machimbo madogo ya dhahabu huko Geita, akichimba na wenzake shimo moja, duara kama wanavyoliita, na simu yake hushika mtandao akipanda juu ya kifusi.

"Kwa nini mwalimu alibandika?" Ngusa aliuliza kwanza.

"Aliona ni nzuri."

"Nzuri!" Upepo ukavuma kwenye simu. "Mama Hosiana, sikiliza. Duara letu limefika kwenye mwamba wenyewe. Miezi yote hii tunatoa udongo mtupu, sasa ndio tumefika. Nikitoka nafasi yangu inachukuliwa na mtu kesho yake. Mwambie mtoto aseme alidanganya. Mtoto akidanganya anachapwa, yanaisha. Sisi tukitengwa hayaishi."

"Anasema hakudanganya."

"Nani kamuuliza kama alidanganya? Nimesema aseme."

"Wanataka baba mwenye nyumba awepo."

"Nitakuja," Ngusa alisema mwisho, kwa sauti ya mtu anayeweka chini kitu alichokibeba mbali.

* * *

Kesho yake Mbuke alikwenda shuleni. Alijifunga kanga nzuri, akamwacha Januari kwa jirani ambaye alimpokea mtoto lakini hakumkaribisha mama.

Mwalimu Gregory alikuwa ameshazibandua karatasi zote, ya Hosiana na za wengine, hata "Mbwa wetu amelala." Zilikuwa mezani kwake zimefungwa na mpira.

"Mama, mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu," alisema. "Sitaki kesi na sungusungu. Mambo ya kuandikaandika tumesimamisha. Watanakili ubaoni kama zamani."

Mwalimu Serafina alikaa pembeni, macho mekundu. Alikuwa mtu wa Songea, mwaka wake wa pili huku, na kwa siku mbili hakuna mtu aliyemuuzia mboga.

"Nisamehe, mama Hosiana," alisema. "Ningekuuliza kabla ya kubandika. Niliipenda nikasahau kwamba ina watu ndani."

Mbuke hakuwa amekuja kwa ugomvi. "Mwalimu, mimi nimekuja kuuliza jambo moja. Mtoto wangu kadanganya, au hakudanganya? Nikishajua nitajua nisimame wapi."

Wakamwita Hosiana. Aliingia amekaza uso kama mtu anayekwenda kuchapwa. Mwalimu Serafina alitoa karatasi yake katika lile fungu, akavuta benchi, wakakaa bega kwa bega. Akaanza kama alivyozoea, kidole chini ya sentensi.

"Miiba imesogezwa. Umejuaje?"

"Niliiona. Nilipitia hapo."

"Ng'ombe mwekundu na ndama."

"Niliwaona."

"Alama ya sikio."

"Niliiona. Sikio la kushoto limekatwa ncha na kutobolewa."

Kidole kikashuka kwenye sentensi ya mwisho. Mwalimu mwenyewe akakawia kidogo kabla ya kuuliza. "Mzee Makoye anaingiza ng'ombe wake. Ulimwona mzee?"

"Hapana."

"Ulimwona mtu wake?"

"Sikuona mtu yeyote. Lakini ng'ombe alikuwa na alama yake."

"Mwenye alama hiyo yuko kwa mzee tu?"

"Ndi..." Hosiana alianza, akasimama katikati ya neno. Alimgeukia mama yake. Midomo yake ilibaki wazi. "Hata wa kwetu alikuwa nayo," alisema polepole. "Hata wa kina Noela. Hata wale wawili wa kwa Jilala. Mama, wako kila mahali."

Mwalimu Gregory aliacha kuchezea ule mpira uliofungia karatasi.

"Kwa hiyo sentensi hii," Mwalimu Serafina alisema, "ni ya kuona au ya kukisia?"

"Ya kukisia." Machozi yakamtoka, ya hasira zaidi kuliko ya woga. "Lakini wewe uliipiga tiki, mwalimu!"

"Niliipiga. Ilikuwa na utamu wake, nikaipitisha bila kuiuliza. Kosa hilo tuko wawili."

Mbuke aliitazama ile karatasi. Darasa la nne ndilo aliloishia. Herufi zilikuwa zinamjia moja moja. Lakini alikuwa amepata alichokifuata. Kulikuwa na mstari mmoja wa kuombea radhi, na mistari mingine yote ya kusimama nayo.

* * *

Ngusa alifika Ijumaa jioni kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Januari hakumtambua, akajificha nyuma ya mama yake. Walikula ugali na mlenda. Maziwa hayakuwepo na hakuna aliyeyataja.

"Kesho utasema ulidanganya," Ngusa alimwambia binti yake. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka.

"Baba, sentensi moja nilikosea. Hiyo nitaomba msamaha. Zile nyingine niliona."

"Hosiana. Watu wazima hawataki kuhesabiwa sentensi."

"Nikisema zote ni uongo, baba, hapo ndipo nitakuwa nimedanganya."

Ngusa alimgeukia mkewe, kana kwamba ndiye aliyemfundisha kujibu hivyo. Mbuke alikuwa anaosha bakuli.

"Umeacha duara, Baba Hosiana," alisema. "Tumeshapoteza ng'ombe, na wewe umeshapoteza nafasi. Mtoto naye tukimfundisha kuongopa ili watu wamsalimie, tutakuwa tumebakiwa na nini humu ndani?"

"Salamu," Ngusa alisema. "Tutakuwa tumebakiwa na salamu. Unadhani ni kitu kidogo?"

Mbuke hakudhani ni kitu kidogo. Alikumbuka kisimani. Alifunika bakuli, akakaa, na walikaa hivyo wote watatu, kila mmoja anamsubiri mwenzake alegeze. Hakuna aliyelegeza, lakini Ngusa hakurudia kusema.

* * *

Wananzengo walikaa kwenye uwanja wa josho la zamani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Jilala alisimama katikati na filimbi yake shingoni. Akaeleza shauri. Akalieleza kwa urefu, ila hakueleza ni nani aliyeisoma ile insha kwa sauti.

Mzee Makoye alisema akiwa amekaa kwenye kigoda chake. "Mimi sikusoma. Nilichunga. Ngitili ile niliipigania wakati wengi wenu mnataka igeuzwe mashamba. Miaka yote naamka naizunguka. Leo mtoto wa mtu anayekunywa maziwa yangu ananiweka ukutani mwizi. Sina zaidi."

Watu wakaguna kwa kukubali. Ngusa akaitwa. Alisimama, akavua kofia, akaikunjakunja mkononi. Aliyemtazama vizuri aliona anatafuta maneno mawili tu, "mtoto kadanganya," na maneno yalikuwa hapo hapo mdomoni.

"Wazee wangu," alisema, "mimi sikuwepo. Siwezi kusema nisichokijua. Mwenye kujua ni mtoto, naomba asikilizwe." Akakaa haraka, kama mtu aliyejishangaza.

"Mtoto asikilizwe!" Jilala akacheka. "Haya. Simama, mwandishi."

Hosiana alisimama na karatasi mpya. Akasema insha yake ilikuwa na sentensi ya mwisho iliyosema Mzee Makoye aliingiza ng'ombe ngitilini. "Hiyo sikuiona. Nilikisia, nikaandika kama nimeona. Ni kosa langu. Guku, naomba unisamehe." Akapiga magoti, kama inavyotakiwa. Kisha akainuka, na watu wakidhani amemaliza, akaendelea. "Zile nyingine niliona. Miiba ilisogezwa. Ng'ombe mwekundu na ndama walikuwa ndani wanakula."

Minong'ono ikaanza. Jilala akaishika filimbi. "Umesema umekosea, kaa chini. Shauri limekwisha."

"Bado," alisema Mzee Makoye. Aliinama mbele kwenye kigoda. "Mtoto. Ng'ombe walikuwa wangu?"

"Walikuwa na alama yako, guku. Hata aliyekuwa kwetu alikuwa na alama yako. Sijui aliyewachunga ni nani."

Hapo kelele zikakatika. Wenye kufuga ng'ombe wa Mzee Makoye pale uwanjani walikuwa wengi kuliko wasiofuga, na kila mmoja akajikuta anatazama mahali pasipo na mtu. Jilala mwenyewe alikuwa nao wawili. Mzee aliwapitia kwa macho, mmoja mmoja, polepole. Hakuwa na hasira tena na mtoto. Ilikuwa imepata mahali pengine pa kwenda.

"Kumbe," alisema. "Kumbe mimi natukanwa kwa ajili ya mmoja wenu, naye anakaa hapa anaguna na wengine." Akagonga fimbo chini. "Asimame. Asiposimama, kesho vijana wangu watapita nyumba zote. Kila mwenye alama yangu anarudi zizini kwangu. Wote."

Mama mmoja akasema, "Mungu wangu." Kiangazi kile, nyumba nyingi kijijini zilikuwa zinaishi kwa maziwa hayo. Watu wakaanza kugeukiana, huyu anamwambia yule, ni wewe, na yule anamrudishia. Mahali fulani mtoto akaanza kulia.

Suzana alisimama upande wa wanawake. Alikuwa amejifunga kanga kichwani mpaka karibu na macho.

"Waachie watu ng'ombe wao, guku. Ni mimi."

Mbuke akageuka ilikotoka sauti ile.

"Ndama alikuwa hasimami," Suzana alisema. "Kwangu majani yamekwisha, nimekata mpaka ya paa la banda. Nikasema nimpeleke kidogo tu, ashibe, nimtoe. Huyu mtoto alipopita na kuni zake mimi nilikuwa nyuma ya mawe. Nilimwona. Sikujua kama atakwenda kuandika." Akamgeukia Mbuke, akajaribu kusema kitu kingine. Hakuweza, akakaa.

Jilala alikuwa na hukumu tayari, maana ilikuwa kazi yake kuwa nayo. Suzana atatoa mbuzi wa wananzengo. Mpaka atakapomtoa, asisalimiwe. Nyumba ya Ngusa iko huru. Wanaume wakasema ndiyo, wanawake wakachelewa kidogo kusema ndiyo.

Watu walipoanza kuondoka, Mzee Makoye alipita walipokuwa walimu. Mwalimu Gregory akavua miwani kwa heshima.

"Hiyo karatasi mpya," mzee alisema, "ibandikeni. Jina langu liko sawa sasa. Lakini huyu," akamwonyesha Jilala kwa fimbo, "msimpe kusoma tena mbele za watu. Hana breki."

Mwalimu Gregory alicheka mpaka akajifuta macho. Jumatatu karatasi zilirudi ukutani, zote.

* * *

Ng'ombe aliletwa Jumapili watu wakiwa wanatoka kanisani. Mbuke alimwona toka mbali, akasimama. Hakuwa yule wa kwao. Alikuwa mwekundu, na ndama mwenye miguu myembamba alikuwa anamfuata nyuma.

"Huyu si wetu," aliwaambia vijana.

"Mzee kasema ndiye. Wa kwenu wa zamani anabaki kwake. Huyu kamtoa kwa Suzana, kasema nyie ndio mumlee."

"Mrudisheni."

"Kwa nani, mayu?" kijana mwenye mdomo mwepesi aliuliza, na safari hii hakuwa na kejeli. "Kwa Suzana mzee hataki tena. Tukimrudisha, anakaa kwa mzee. Hakuna atakayepata hata tone."

Ngusa alikuwa anafunga mfuko wake kurudi Geita kuomba nafasi nyingine. Alimtazama mkewe, akatazama ng'ombe. Akafungua zizi.

Hosiana hakula siku ile. Jioni alimfuata mama yake jikoni. "Nisingeandika, mama, Mama Adam angekuwa na ng'ombe wake."

Mbuke alifikiri. Hakutaka kumpa jibu la kumnyamazisha tu. "Angekuwa naye," alisema. "Na mzee angeendelea kuitwa mwizi, sisi tungekuwa tunahama. Sijui, mwanangu. Ulichoandika ni cha kweli, na mtu ameumia. Yote mawili yapo. Nenda kalale."

Asubuhi alikamua kwa shida. Ng'ombe mwekundu alikuwa anacheza miguu, akapiga teke, nusu ya maziwa ikamwagika, na Mbuke akamfunga miguu ya nyuma kwa kamba ndipo akamaliza. Akamjazia Januari kikombe. Kilichobaki akakimimina kwenye kibuyu, akamwita Hosiana.

"Peleka kwa Mama Adam."

Hosiana alikipokea kwa mikono miwili. "Nikifika nisemeje?"

"Msalimie, umpe."

"Lakini wamesema asisalimiwe mpaka atoe mbuzi."

"Nimesikia walivyosema," Mbuke alijibu, akashika ufagio.

Njia ya kwa Suzana inapita katikati ya kijiji. Watu walimwona Hosiana akipita na kibuyu kichwani, wakaona na anakoelekea. Jilala alikuwa mlangoni kwake anapiga mswaki. Alifungua mdomo, akatema, akaingia ndani.

Suzana alikuwa anafagia zizi tupu.

"Shikamoo, Mama Adam."

Mwanamke aliacha kufagia. Alitazama njia nyuma ya mtoto, kuona kama kuna mtu.

"Marahaba," alisema, kwa sauti iliyokuwa haijatumika toka Jumamosi.

Alichukua kibuyu akaingia nacho ndani. Alikaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kumimina maziwa. Alipotoka, kibuyu kilikuwa kimeoshwa, na ndani alikuwa ametia michembe mpaka shingoni, vile viazi vyake vilivyokaushwa, vya akiba ya kiangazi, kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.

"Ndama anasimama?" aliuliza.

"Anasimama. Jana alikimbia."

"Na mama yake anakubali kukamuliwa?"

"Anapiga teke. Mama kamfunga miguu."

Suzana alitingisha kichwa, na kwa mara ya kwanza akamtazama mtoto usoni.

"Mwambie mama yako asimfunge," alisema. "Yule anataka aimbiwe. Wimbo wowote tu, aanze chini chini. Atasimama mwenyewe."